Kiatu Hupimwa Jioni

Nilishuka kwenye basi mjini Lodwar mwendo wa saa nane mchana, begi mgongoni, mabuti mapya miguuni. Tulikuwa tumeondoka Kitale alfajiri kwenye baridi ya kuvaa sweta. Kapenguria ikapita, tukateremka Marich, tukaziacha Kainuk na Lokichar nyuma yetu. Kadiri tulivyoteremka ndivyo sweta zilivyovuliwa, kisha madirisha yakafunguliwa, kisha watu wakaacha kuzungumza. Kilomita zipatazo 300 hizo hukutoa katika nchi ya mahindi zikakuweka katika nchi ya mbuzi, ngamia na mawe meusi. Joto la Mombasa nilikozaliwa hukuvaa mwilini kama shuka mbichi. La Lodwar hutoka chini. Lami inalitema, mchanga unalitema, na kiungo cha kwanza kulipokea ni wayo.

Shemeji alikuwa akinisubiri kivulini. Ni mwalimu, mume wa dada yangu, mzaliwa wa huko huko. Aliniangalia usoni kidogo, kisha akaiangalia miguu yangu kwa muda mrefu zaidi.

“Karibu Turkana, shemeji. Na hayo mabuti, tunakwenda vita gani?”

“Nimeambiwa huku ni mawe na miiba.”

“Umeambiwa kweli. Lakini aliyekuambia alikuwa amevaa nini?”

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa akala: soli ya tairi la gari, kanda mbili za mpira zilizopishana juu ya vidole, na moja nyuma ya kisigino. Ndizo Watanzania wanazoziita katambuga.

Mabuti yangu niliyanunua Nairobi, na makosa yote niliyafanya ndani ya robo saa. Nilikwenda dukani asubuhi, kabla ya kazi, mguu ukiwa umelala usiku kucha na kujikusanya. Nilikuwa na soksi nyembamba za ofisini. Niliyajaribu nikiwa nimeketi, nikasimama, nikazunguka zulia mara mbili. Muuzaji alibonyeza ncha kwa kidole gumba akasema yamenikaa kama niliyezaliwa nayo. Nilichagua ya ngozi nzito, yanayopanda juu ya kifundo cha mguu, yenye bitana ya kuzuia maji, kwa sababu picha ya bango ukutani ilionyesha mtu amesimama juu ya barafu akiwa ameyavaa. Kwa maneno mengine, nilinunua kiatu cha theluji ili niende jangwani.

Nilipositasita juu ya bei, mwenzangu wa ofisini niliyekuwa naye alinicheka: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina haki yake shambani. Lakini jembe likikukataa unaliweka chini ukaenda zako nyumbani. Kiatu kikikukataa ukiwa kilomita saba kutoka nyumbani, bado ni hicho hicho kitakachokurudisha.

Jioni ile ile, jua lilipolegea, shemeji alinipeleka kwenye mlima ulio juu ya mji, penye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono. Vilima vya Lodwar si virefu, ila ni vya mawe ya volkano, meusi, yenye kingo, mengine yamelala imara na mengine yanangoja tu mguu wako yaporomoke. Tukiwa juu tuliuona mto Turkwel ukipita katikati ya ukame kama utepe wa kijani, mikoma imejipanga kingoni, mabati ya mji yakimetameta.

Kupanda nilipanda vizuri. Jiwe moja lilipogeuka chini yangu, buti lilishika kifundo cha mguu kikabaki mahali pake, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba pesa haikupotea. Hesabu ilikuja kwenye kuteremka. Kupanda hukamua mapafu. Kuteremka hukagua kiatu. Kila hatua mguu uliteleza mbele ndani ya buti, na kidole gumba kikagonga ncha kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na mwenyeji. Nyuma, kisigino kiliinuka kidogo kikashuka, kikainuka kikashuka. Mateso ya mguu huwa hayaanzi na maumivu, huanza na joto dogo mahali pamoja, na mtu mwenye busara husimama papo hapo, akavua, akatazama. Mimi niliona haya kusimama. Watoto wa jirani waliotufuata walikuwa na ndara miguuni, nao walinipita mbio, wakawa wanakaa juu ya mawe kunisubiri.

Usiku nilitia miguu katika beseni la maji ya chumvi. Visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge ya ukubwa wa sarafu, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeanza kupiga weusi. Shemeji aliishika soksi yangu ya pamba akaikamua, ikatoa maji.

Sababu haikuwa fumbo. Lengelenge hutengenezwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Lodwar, mahali ambapo nyuzi 35 za mchana ni jambo la kawaida, ilileta joto. Soksi ya pamba hunywa jasho ikalishikilia, na bitana inayozuia maji yasiingie huchelewesha jasho kutoka. Huo ndio unyevu. Msuguano uliletwa na kipimo kibaya. Mguu huvimba mtu akitembea, na huvimba zaidi kwenye joto, kwa hiyo kiatu kilichonienea sawasawa saa mbili asubuhi Nairobi kilikuwa kidogo saa kumi na moja jioni Lodwar. Namba haikubadilika. Mguu ndio uliobadilika.

Kesho yake nilikwenda sokoni nikiwa nimevaa ndara za dada. Tulipita karibu na nyumba aliyowekwa Jomo Kenyatta. Alipotoka katika kifungo cha Lokitaung mwaka 1959, serikali ya kikoloni haikumwachia huru. Ilimweka Lodwar, na mwaka 1961 ikamhamishia Maralal. Nikiwa na visigino vile, nilielewa haraka kwa nini wakoloni waliuchagua mji huu. Umbali na joto vilikuwa ukuta tosha.

Fundi wa akala alikuwa mzee, amekaa juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha Waturkana ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kichwa. Nilimwamkia “Ejoka,” akaniitikia “Ejok nooi,” na Kiturkana changu kikaishia hapo. Shemeji akawa mkalimani. Niliposema navaa namba 42, mzee hakuuliza tena habari ya namba. Alitandika kipande cha tairi chini, akanionyesha nikanyage. Nikataka kuketi nimpe mguu. Akakataa.

“Anasema simama,” shemeji alifasiri. “Mguu ulioketi ni mwongo.”

Nikasimama. Uzito wa mwili uliposhuka, wayo ukatanuka, vidole vikaachana. Mzee akazungusha ncha ya kisu kuufuata ukingo wa mguu wa kulia, kisha akachukua kipande kingine akachora wa kushoto, kwa kuwa miguu ya mtu hailingani. Wangu wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote bila kujua. Akachovya kisu majini kipite vizuri kwenye mpira, akakata, akatoboa, akapitisha kanda, akapigilia misumari midogo. Tulikuwa bado hatujamaliza kikombe cha pili cha chai. Dukani Nairobi mguu wangu uliulizwa namba. Hapa uliulizwa umbo.

Sitaki msomaji adhani naipigia akala debe. Alasiri nilizivaa kando ya Turkwel, na zikanifundisha upande wa pili wa somo. Huko kumejaa mathenge, mti ulioletwa nchini kutoka Amerika na kupandwa maeneo makavu miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Mti ulikubali mno. Umefunga kingo za mito na malisho, na miiba yake hutoboa gurudumu la pikipiki. Soli ya akala iliuzuia mwiba wa chini, lakini mwiba wa kitawi kilicholala uliingia ubavuni, pasipo na ukuta. Isitoshe, akala ni bapa. Haina kinachoinua uvungu wa wayo. Mguu wa shemeji umekomaa kwa kutembea hivyo tangu utotoni. Wangu umelelewa ndani ya viatu kama mtoto wa kubebwa mgongoni, na kufika magharibi misuli ya mashavu ya miguu ilikuwa imekaza kama kamba ya mashua. Mguu haubadilishi malezi kwa siku moja.

Siku ya tatu nilichukua gari la abiria, Probox, kwenda Kakuma, kilomita kama 120 kaskazini-magharibi, watu wengi kuliko viti. Wageni wengi wameandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo mahali. Kiswahili gani hicho, mimi sikijui. Sisi wa pwani tukilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza huinamisha macho tusije tukacheka mbele ya wakwe. Na mahali ni mahali: kuna mji wa wenyeji, kuna laga ya Tarach ambayo kwa miezi ni mchanga mtupu na kwa usiku mmoja wa mvua ni mto wa kubeba gari, kuna kambi ya wakimbizi, na jirani yake makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka 2016.

Historia ya Kakuma ni historia ya miguu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka kwao hadi Ethiopia wakikimbia vita, na serikali ya huko ilipoanguka mwaka 1991 wakatembea tena, kurudi Sudan na hatimaye kuingia Kenya. Wengi walikuwa watoto. Wengi hawakuwa na viatu. Mmoja wa waliokulia kambini, Lopez Lomong, alipelekwa Marekani mwaka 2001, na mwaka 2008 akaibeba bendera ya nchi hiyo kwenye Olimpiki ya Beijing, akakimbia mita 1500.

Kisha likaja kundi la Olimpiki ya Rio. Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi aliyekuwa akikimbia pekupeku kwenda shule na ambaye mwaka 1994 alishinda mbio za marathoni za New York, alikuja Kakuma kusaka wanariadha miongoni mwa wakimbizi. Rose Nathike Lokonyen alikimbia kilomita 10 bila viatu akawa wa pili. James Nyang Chiengjiek amesimulia jinsi alivyofanya mazoezi na wenzake kwa viatu visivyowafaa vilivyowaumiza, na jinsi walivyoazimana: mwenye jozi mbili alimsaidia asiye nayo. Mwaka 2016 watano kati ya wanariadha kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki walikuwa Wasudani Kusini waliopitia Kakuma, na Rose ndiye aliyetangulia na bendera.

Hadithi hii husimuliwa kwa kusifu ujasiri, na sifa hiyo ni haki yao. Lakini ina habari nyingine ndani yake, nayo ni ya majeraha. Mguu pekupeku unaweza kumfikisha mtu wa pili. Kiatu cha kuazima, kilichopimwa kwa mguu wa mwingine, kinaweza kumlaza. Kiatu kibaya ni kibaya kuliko kukosa kiatu.

Nilikuwa nawaza hayo nilipoyafikisha mabuti yangu kwa fundi mmoja katika soko la kambini. Ni mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, amekaa kati ya rundo la raba za mitumba na kopo la gundi. Nilitaka ayatanue. Akayapokea kwa mikono miwili, akayageuza, akatia mkono ndani.

“Ndugu, hii kiatu iko muzuri sana,” akasema. “Lakini haiko ya hii muguu, na haiko ya hii muchanga.”

Alinifanyia mtihani ambao duka la Nairobi halikunifanyia. Kwanza alitoa kitandiko cha ndani cha buti, akakiweka chini, akaniambia nikikanyage nikiwa nimesimama. Vidole vyangu vikamwagika nje ya ukingo. Kisha akamwaga maji kidogo, nikalowesha wayo, nikakanyaga vumbi kavu. Akausoma ule mchoro: uvungu wangu uko chini, wayo unalala karibu wote, kwa hiyo nahitaji kiatu kinachobeba katikati. Halafu akalikunja buti.

“Kiatu inapaswa kukunjwa fasi vidole vinakunjwa. Ikikunjwa katikati, muguu itachoka. Isipokunjwa kabisa, kisigino itachunika.”

Langu lilikuwa halikunjiki kabisa. Akalishika mbele na nyuma akalisokota kama anayekamua tambara la deki. Likakataa, na hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana soli inayosokoteka ovyo haiwezi kukubeba juu ya mawe. Akabonyeza ukuta wa kisigino: mgumu, vizuri. Alikuwa mwadilifu kwa buti langu. Halikuwa buti baya. Lilikuwa buti la mtu mwingine, wa nchi nyingine.

Nilipomwomba anitafutie mbadala katika mitumba, alinionya juu ya buti linaloonekana jipya. Povu lililo kati ya soli na ngozi huzeeka hata kama kiatu hakijavaliwa. Lililokaa kabatini miaka mingi husagika kama keki kavu, na soli huachia siku ya pili ya safari. Hivyo usikubali kung’aa kwa ngozi. Bonyeza povu kwa kidole. Likipasuka nyufa, rudisha.

“Uje jioni,” akaniambia. “Ujaribishe na soksi utatembea nazo.”

Nilirudi jua likishuka, nimezunguka Kakuma tangu asubuhi, miguu imejaa. Nilivaa soksi nene zenye sufi, zisizonywa jasho kama pamba. Fundi alikuwa ameniwekea jozi tatu. Nilichukua buti jepesi la ngozi ya swede na kitambaa, lisilo na bitana ya maji, soli nene yenye meno, namba 43. Kabla ya kufunga kamba nilisukuma mguu mbele hadi vidole vikagusa ncha. Kidole kimoja cha mkono kikaingia nyuma ya kisigino bila kulazimisha. Nikafunga. Nilipanda lundo la kokoto lililokuwa kando ya banda, nikateremka, nikapanda, nikateremka. Vidole havikugonga. Fundi akazifungua kamba akazifunga upya: mbele zilegee ili mguu upate nafasi ya kuvimba, kwenye mkunjo wa kifundo zikazwe ili kisigino kikae kitini. Nililipa shilingi 1,800, na maneno yake yalikuwa bure.

Alfajiri iliyofuata nilitembea na mwenyeji mmoja kufuata mchanga wa Tarach kabla jua halijawa kali. Saa mbili za mchanga, mawe na vichaka. Nilisimama mara moja tu, kisigino cha kulia kilipopata lile joto dogo. Safari hii sikuona haya. Nilivua, nikakung’uta mchanga, nikanyoosha soksi, nikaendelea. Nyuma yetu nyayo zetu zilibaki, zangu zenye meno, zake laini za tairi.

Turkana ni mahali pazuri pa kuwaza juu ya nyayo. Mwaka 1984, huko Nariokotome, upande huu wa magharibi wa Ziwa Turkana, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa kilichowaongoza watafiti kwenye mifupa ya kijana aliyeishi takribani miaka milioni 1.5 iliyopita, mmoja wa mababu waliohifadhika vizuri kuliko wote duniani. Sehemu kubwa ya mifupa yake ilipatikana, ila ile ya nyayo haikuwepo. Nyayo za zama zake zilionekana ng’ambo ya ziwa, Ileret, na watafiti wakazitangaza mwaka 2009: kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, wayo una uvungu, uzito umepita pale pale unapopita leo mimi na wewe tukitembea. Miguu yetu ina umri huo. Namba za viatu ni za juzi.

Yale mabuti ya ngozi nilimpa binamu yangu anayevaa namba 41, akapanda nayo Mlima Kenya kwenye mvua na baridi, akarudi akiyasifu. Akala za Lodwar nazivaa nyumbani na sokoni. Za kutembelea mawe na mchanga ni hizi za Kakuma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujanunua, uliza unakwenda kukanyaga nini, kisha muulize anayekanyaga huko kila siku. Ukienda dukani nenda jioni, soksi zako mfukoni, na kokote utakakopata mteremko, hata kama ni ngazi za duka, teremka. Muuzaji akikuambia kiatu kitalegea chenyewe, mshukuru, ukirudishe.